Bendi Ikikosa Ubishi

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nimeinama kwenye fungu la fulana pale Mlango Mmoja, soko la mitumba hapa Mwanza. Belo lilikuwa limefunguliwa muda uleule, wateja tunasukumana kwa viwiko, na dogo mwenye mzigo amepanda juu ya meza anaimba bei: "Mbili mbili! Chagua mwenyewe, mbili mbili!" Mkono wangu ukaibuka na fulana nyeusi yenye bastola mbili na mawaridi kifuani, mgongoni imeandikwa miji na tarehe za ziara ya mwaka 2016. Guns N' Roses. Dogo aliuona uso wangu kabla sijajifanya sina haja nayo, na bei ikapanda hapohapo.

"Hiyo tano, kaka. Hiyo siyo ya fungu."

Nikatoa elfu tano bila kuomba apunguze, jambo ambalo mke wangu hajanisamehe mpaka leo. Wakati anaikunja akaniuliza hawa ni akina nani. Nikamwambia ni bendi ya Marekani. "Bado wapo?" Nikafungua mdomo kumjibu, nikaufunga.

Maana wapo. Mwimbaji Axl Rose yupo, mpiga gitaa Slash yupo, mpiga besi Duff McKagan yupo, na tangu waungane tena mwaka 2016 wamekuwa wakijaza viwanja vya mpira dunia nzima. Ziara ile ya kwanza pekee, iliyokwenda hadi 2019, iliingiza zaidi ya dola milioni 580. Lakini albamu yao ya mwisho yenye nyimbo mpya ilitoka mwaka 2008, na kati ya hao watatu aliyekuwemo ni mmoja. Watu wanalipa kwenda kusikia nyimbo za 1987. Kuna siku nikiwaangalia kwenye simu nafurahi kama mtoto, na kuna siku naona bendi inayojifanyia arobaini yake yenyewe, kwa kiingilio.

Nieleze kwanza nasemea wapi. Mwanza inaitwa Rock City, na mgeni anayependa magitaa anaweza kudanganyika na jina hilo. Rock ya hapa ni mawe: Bismarck lililosimama majini, majabali ya Capri Point, nyumba za Igogo na Mabatini zilizopanda mlima zikijibana katikati ya miamba. Rock ya magitaa ni ya watu wachache tunaotambuana kwa fulana. Redioni utasikia Bongo Fleva, singeli, injili, rumba, nyimbo za Kisukuma. Ukisikia gitaa limenguruma, ujue ni tangazo. Mimi niliambukizwa na mjomba wangu aliyekuwa akifanya kazi kwenye meli ya mizigo. Akitoka Port Bell au Kisumu alirudi na kaseti zilizorekodiwa kutoka kwenye kaseti nyingine, majina ya bendi yameandikwa kwa mkono na kukosewa. Tepu ikimezwa na redio tunaivuta polepole na kuirudisha kwa kalamu ya Bic. Metallica nilianza kuifahamu kama "Metalika", na kwa karibu miaka miwili sikujua sura ya mtu hata mmoja kati yao.

Tangu hapo nimeumizwa na albamu nyingi. Kila shabiki anayajua maumivu haya: umesubiri miaka mitatu, minne, umeipata, umeiweka, na ukifika wimbo wa tano unajikuta unajitahidi kuipenda. Kijiweni maelezo huwa mafupi. Wamefulia. Wamechuja. Hela imewalewesha. Wazee nao wana lao la mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sikatai, ila hela na sifa walikuwa nazo pia waliotoa albamu nzuri, kwa hiyo hapo hatujaelezana kitu. Mimi huangalia jambo jingine: mle studio alikuwemo nani wa kubisha?

Nasema ubishi, sisemi ugomvi. Ubishi ni ule wa kwenye bao: huyu anasema anzia shimo hili, yule anamwambia umelewa, na mchezo unanoga. Ugomvi ni wa hela, wa wanawake, wa jina la nani liandikwe juu. Bendi inaweza kuishi na ugomvi miaka mingi sana. Ikikosa ubishi, utaisikia kwenye albamu inayofuata.

Chukua Oasis, bendi ya Uingereza. Albamu yao ya kwanza, Definitely Maybe ya 1994, ilirekodiwa ikatupwa. Ikarekodiwa upya, bado haikuridhisha, ndipo akaitwa prodyuza Owen Morris aifanyie usafi. Kazi kubwa aliyoifanya Morris ilikuwa kufuta: Noel Gallagher alikuwa amelundika magitaa juu ya magitaa, jamaa akayapunguza mpaka nyimbo zikapata pumzi. Noel ndiye mtunzi, ndiye kaka mkubwa, ndiye mwenye bendi, na bado kuna mtu aliingia akamwondolea vitu vyake. Mwaka uliofuata ikatoka (What's the Story) Morning Glory?, na Agosti 1996 wakapiga Knebworth usiku mbili mfululizo, watu 125,000 kila usiku. Walioomba tiketi walizidi milioni mbili.

Halafu 1997. Be Here Now ilitoka Agosti 21, ikauza zaidi ya nakala 400,000 Uingereza siku ya kwanza tu, na wahakiki wakaimwagia sifa. Ina zaidi ya dakika 70. Mna wimbo unaopita dakika tisa, kisha unarudi tena mwishoni mwa albamu kuaga mara ya pili, kama mgeni aliyeshika kitasa cha mlango na haondoki. Magitaa yamejaa kiasi kwamba sauti ya Liam, mdogo wake Noel na mwimbaji wa bendi, inapenya kwa shida, kama mtu anayejaribu kushuka daladala ya Igoma saa moja jioni. Na kwenye mitambo, pamoja na Noel, alikaa nani? Owen Morris yuleyule. Mtu aliyefuta magitaa mwaka 1994, safari hii aliyaacha yote. Baada ya Knebworth, nani angefungua mdomo kumwambia Noel dakika tisa zimezidi?

Ndiyo maana methali ya mgema naona haikai hapa. Noel hakutia maji. Alitia sukari, kijiko juu ya kijiko, mpaka kijiko kikasimama chenyewe kikombeni, na wote waliokuwa chumbani wakasema chai tamu. Miaka ya baadaye aliikana albamu hiyo mwenyewe. Ilipotolewa tena mwaka 2016 alikusudia kuichanganya upya yote. Akamaliza wimbo mmoja, akaachia hapo. (Nakiri nyimbo mbili za humo bado nazipiga dukani kwangu, milango ikiwa imefungwa nusu.)

The Stone Roses sitawakalia sana. Albamu yao ya 1989 ilikuwa ya watu wanne. Ya pili ilichukua zaidi ya miaka mitano, katikati kukiwa na kesi kati yao na kampuni yao ya kurekodi, na ilipotoka Desemba 1994 ikawa kwa sehemu kubwa ni albamu ya mpiga gitaa, John Squire. Gitaa ni tamu ajabu. Bendi ndiyo haionekani. Mwisho wa 1996 walishatawanyika.

Sasa nirudi kwa wenye fulana yangu. Appetite for Destruction ya 1987 imeuza zaidi ya nakala milioni 18 Marekani pekee, na ukiisikiliza vizuri unasikia watu watano wanaovutana. Izzy Stradlin, mpiga gitaa wa pili, anataka mdundo mwepesi wa kutembea, Slash anataka solo, Axl anataka kupiga kelele mpaka vioo vivunjike. Nyimbo hizo walikuwa wamezipiga kwenye vilabu vya Los Angeles mbele ya watu wenye chupa mkononi. Wimbo uliolala uliuawa palepale. Kisha wakaanza kupungua. Mpiga drams Steven Adler akafukuzwa 1990. Izzy akaondoka 1991, na kwangu huo ndio msiba mkubwa, japo watu wengi hawamkumbuki hata sura. Slash 1996. Duff 1997. Axl akabaki na jina la bendi na studio.

Kilichofuata ni masimulizi ya mitaani kwa zaidi ya miaka kumi. Albamu inakuja. Haiji. Inakuja. Hapa mjini, mwaka 2006 hivi, muuza CD mmoja aliniapia kwa mama yake kwamba anayo. Nikanunua. Nyumbani nikakuta nyimbo mbili za Guns N' Roses za zamani na kumi za bendi nyingine kabisa, tena nzuri kiasi, kwa hiyo hata kumrudia kwa hasira nilishindwa. Huko Marekani, Dr Pepper walitangaza mwaka 2008 kwamba albamu ikitoka kabla mwaka haujaisha, kila Mmarekani atapewa kopo la soda bure. Walidhani wanatania. Chinese Democracy ikatoka Novemba 23, 2008, baada ya kutumia fedha zilizokuwa zimeshakadiriwa kufika dola milioni 13 miaka mitatu kabla.

Niliishusha kwenye intaneti kafe, mchana mzima, saa baada ya saa, nikihesabu nyimbo zinavyoingia kwenye flashi kama mtu anayengoja matokeo ya darasa la saba. Zote 14. Usiku nikaziweka kwenye redio ya sebuleni, sauti chini kwa sababu mtoto amelala. Wimbo wa kwanza nikatabasamu. Wa tatu nikaanza kuhesabu: gitaa hili ni la nani, na hili, na hili linaloingia juu yake? Vinanda vya okestra, kwaya, ngoma za mashine, wapiga gitaa watano wanaopishana mlangoni. Umeme ukakatika nikiwa wimbo wa tisa, na nikajigundua nimeshusha pumzi.

Isieleweke kwamba ni takataka. Mna nyimbo tatu au nne ambazo, kama zingepita mikononi mwa Izzy akaziondolea nusu ya nguo zilizovikwa, zingekaa vizuri. Lakini ile albamu ni nyumba ya mtu mmoja. Sisi hujenga kwa kudunduliza kwa sababu hela hakuna: mwaka huu msingi, mwakani tofali, mabati Mungu akipenda. Axl alikuwa na hela, mafundi na kiwanja, na kila alipofika kwenye lenta akabomoa ukuta mmoja aujenge upya. Fundi anayelipwa kwa siku hawezi kumwambia mwenye nyumba aezeke.

Na walivyorudi? Tangu 2016 wametoa nyimbo chache mojamoja, zikianza na mbili za mwaka 2021, na hizo chimbuko lake ni mabaki ya vikao vilevile vya Chinese Democracy, Slash na Duff wakaingiza vyombo vyao juu. Kiporo. Kiporo cha wali na maharage asubuhi nakipenda kuliko mandazi, lakini sijawahi kukiita chakula kipya.

Msomaji mjanja ataniuliza: Metallica je? Hawa walibishana na kugombana mpaka wakatengenezewa filamu, na bado wakatoa St. Anger. Swali zuri, nami limenisumbua. Anza na albamu nyeusi ya 1991. Prodyuza Bob Rock aliwatesa kwa miezi: rudia, rudia, wimbo huu hauna maneno, pigeni wote pamoja chumba kimoja. Walimchukia. Ikawa albamu yao iliyouza kuliko zote. Kufikia 2001 mpiga besi Jason Newsted ameondoka, mwimbaji James Hetfield ameingia kituo cha kutibu ulevi, na alipotoka alikuwa anaruhusiwa kufanya kazi saa nne tu kwa siku. Wakamwajiri mshauri wa kuwapatanisha, kwa malipo yanayotajwa kuwa dola 40,000 kwa mwezi. Bob Rock, mbishi wao wa zamani, sasa ndiye anayewapigia besi, yaani amekuwa mwenzao. Wanakaa duara, wanaambiana wanavyojisikia.

Huo wote ulikuwa ugomvi unaotibiwa. Ubishi wa muziki ninaoukumbuka kwenye filamu ile ni mmoja: wamekubaliana albamu isiwe na solo za gitaa, na mpiga gitaa Kirk Hammett anajaribu kusema kwamba kuziondoa ndiko kutakakoifanya albamu ionekane ya wakati fulani tu na kuzeeka. Alikuwa sahihi kwa asilimia zote. Hawakumsikiliza. Na zile drams! Mpiga drams Lars Ulrich alilegeza nyaya za chini ya ngoma ndogo, kila pigo linalia kama debe la mafuta ya kula lililoachwa kwenye mvua ya mawe. Siku ya kwanza naipiga, mama mwenye nyumba alitoka nje kuangalia nani anagonga geti. Watu wakaupa wimbo wake wenye jina hilohilo Grammy, mnisaidie.

Kwa haki niseme pia kuna albamu zinazovunja moyo wa wenye mali peke yao. Fleetwood Mac walitoa Rumours mwaka 1977, wameachana wao kwa wao na wanaimbiana talaka kwenye maikrofoni moja, ikauza mamilioni kwa makumi. Tusk ya 1979 ikagharimu zaidi ya dola milioni moja na kuuza sehemu ndogo tu ya ile. Kampuni ikanuna. Lakini mpiga gitaa wao, Lindsey Buckingham, alikataa katakata kutengeneza Rumours ya pili, na leo Tusk inasikika hai kuliko wengi wa wakati ule. Hapo bishano lilikuwepo, na lilikuwa dhidi ya mafanikio yao wenyewe.

Wasukuma wana namna ya kuamua mambo haya ambayo naionea wivu. Msimu wa ngoma, pale Bujora kwenye sikukuu ya Bulabo, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, hupambana, na makundi mawili yakisimama uwanja mmoja huchezea wakati mmoja. Hakuna jaji wa kushika kalamu. Watu wenyewe wanahama: ukiona huku kumepoa unakwenda kule, na kundi lililobaki na umati ndilo lililoshinda. Kwa hiyo kila msimu lazima uje na jambo jipya, jembe linarushwa hivi, nyoka anatolewa vile, lakini ngoma chini yake ni ileile ambayo mwili wa mtazamaji unaijua. Ukibadilisha vyote watu hawakutambui, na usipobadilisha chochote wameshakuona mwaka jana. Bendi ya vilabuni inaishi hivyo hivyo kila usiku. Ikishakuwa kubwa inajifungia studio mwaka mzima, na ndani ya studio umati hauwezi kuhama. Mbishi wa ndani ya bendi ndiye anayeshika nafasi ya umati huo. Naye akiondoka, au akitajirika kiasi cha kutotaka kelele, mnabaki mnacheza mbele ya kioo.

Kuna kurudi kulikofanikiwa, na kubwa kuliko kote kulitokea baada ya kifo. Bon Scott wa AC/DC alikufa Februari 19, 1980. Back in Black ilitoka Julai mwaka huohuo, miezi mitano tu, jalada jeusi tititi kama nguo ya msiba, wimbo wa kwanza ukifunguliwa na kengele. Hawakutafuta mtu wa kumwigiza Bon. Brian Johnson ana sauti ya mtu aliyemeza changarawe, haifanani na ya marehemu hata kidogo. Na kwenye mitambo alikuwepo prodyuza Mutt Lange, mtu msumbufu kwelikweli, anayeweza kukurudishisha sehemu moja siku nzima. Miaka mitatu baadaye walimwacha wakajitengenezea wenyewe Flick of the Switch. Isikilizeni mnijibu.

Queen ni habari nyingine, na sisi Watanzania tuna namna ya kuikumbuka kila inapotokea filamu, kwamba Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Ile filamu ya 2018 inakuonyesha bendi imevunjika, halafu inaungana tena kwa ajili ya Live Aid. Haikuwa hivyo. Walikuwa wametoa The Works mwaka 1984 na kumaliza ziara yake Mei 1985, miezi miwili kabla ya lile tamasha la Julai 13. Walikuwa wamekwaruzika tangu Hot Space ya 1982, iliyokimbilia disko na kuwaacha mashabiki wa gitaa barazani, lakini kuvunjika hawakuvunjika. Watu tunapenda sana hadithi ya kurudi kiasi kwamba isipokuwepo tunaitunga.

Kurudi kwao halisi jukwaani kulikuwa 2005, bila Freddie na bila mpiga besi John Deacon aliyekwishastaafu, wakiwa na Paul Rodgers, mwimbaji hodari wa mablusi. Albamu waliyotoa naye 2008, The Cosmos Rocks, sijamsikia mtu akiiomba popote. Ukiisikiliza unasikia watu wazima wanaoheshimiana mno. Kila mmoja anampisha mwenzake, "tangulia wewe", "hapana, wewe". Pale awali wote wanne walikuwa watunzi wa vibao na walichambuana bila huruma. Sasa na mwimbaji Adam Lambert wamezunguka dunia zaidi ya miaka kumi bila kutoa albamu mpya ya studio. Naona wamejielewa.

Nikifika kwa Linkin Park naomba mnivumilie, maana hapa nina deni. Ukinituma nikutafutie wimbo wa rock ambao bodaboda wa Buhongwa anaufahamu, nitarudi na wa Linkin Park. Hybrid Theory ya 2000 na Meteora ya 2003 ziliingia hapa kwa CD za kuchoma na baadaye kwa memori kadi, vijana wakaziimba bila kujua kama hiyo inaitwa rock. Mei 2017 wakatoa One More Light, laini, karibu pop tupu. Nilikaa kijiweni nikaichana. Nilisema wamefulia, nikasema mwimbaji wao Chester Bennington amegeuka mwimbaji wa matangazo ya sabuni, watu wakacheka, nami nikaongeza. Julai 20 Chester akajiua. Nilirudi kuisikiliza usiku ule, maneno yake safari hii, na kila mstari niliouona mwepesi ulikuwa umebeba mzigo ambao sikuwa nimejisumbua kuuangalia. Bado nasema kimuziki ile albamu haina meno. Ila utani wa sabuni sijawahi kuurudia.

Miaka saba kimya. Septemba 2024 wakarudi na Emily Armstrong kwenye maikrofoni, drams amekaa Colin Brittain, na Novemba wakatoa From Zero. Kelele za mashabiki zikawa nyingi: mwanamke, tena nafasi ya Chester, afadhali wangebadili jina. Mimi nadhani sikio la Kitanzania linaweza kuwasaidia wenzetu hapa. Kwetu bendi ni kama timu. NUTA Jazz ya 1964 ikawa JUWATA, ikawa OTTU, ikawa Msondo Ngoma, na wapenzi wake waliendelea kukaa palepale. Marehemu Muhiddin Maalim Gurumo alitoka JUWATA mwaka 1978 kwenda kuianzisha Mlimani Park, yaani Sikinde, akaihama 1985 kwenda Safari Sound, mwishowe akarudi Msondo. Wapenzi waliguna, wengine walinuna kweli, lakini hakuna aliyedai Sikinde imekufa kwa sababu Gurumo kahama. Walisubiri kusikia aliyeingia anaimbaje. Mshabiki wa rock yeye anaichukulia bendi kama ndoa ya kanisani.

Kwa hiyo nilimsikiliza Armstrong kama ninavyomsikiliza mwimbaji aliyehamia. Anapiga kelele vizuri. Anaingia kwenye nyimbo za zamani kwa mguu wake mwenyewe, na kwenye nyimbo mpya unamsikia anamvuta Mike Shinoda, rapa wa bendi tangu mwanzo, upande ambao Shinoda peke yake asingekwenda. Albamu ni fupi, haina mafuta, ina nyimbo mbili za kujaza nafasi. Sio Meteora. Lakini ina watu wasiokubaliana ndani yake, na hiyo baada ya miaka saba ni zaidi ya nilichotarajia.

Na sasa Oasis tena. Walivunjika Agosti 2009 huko Paris, gitaa likavunjwa nyuma ya jukwaa, ndugu wawili wakanuniana miaka 15. Julai 4, 2025 wakapanda jukwaani Cardiff wameshikana mikono. Niliangalia vipande kwa simu, kaunta imejaa wanafunzi wanaotaka kutoa kopi, nikawaambia mashine imepata moto wasubiri kidogo. Sikuwa na uchambuzi wowote. Nilikuwa na donge kooni. Karibu nyimbo zote walizopiga ni za albamu mbili za kwanza na zile za nyuma ya singo za miaka hiyo. Ya 1997 iliguswa kidogo tu. Kwenye mambo haya umati wa Cardiff na umati wa Bujora ni walewale. Kuhusu albamu mpya, mimi ningependa waitoe kwa sharti moja: Liam awe amerudishiwa mdomo wake, na apatikane mtu wa kufuta magitaa.

Wiki tatu baadaye nilipita Mlango Mmoja. Dogo aliniona kutoka mbali, akaacha kuimba bei, akainama chini ya meza na kutoa mfuko aliokuwa ameuficha. Ndani mna fulana ya bluu iliyopauka, kisanduku cheusi kifuani, herufi tano nyeupe. Alikuwa ameiweka kwa ajili yangu.

"Hao wamerudi, kaka. Nimewaona TikTok. Kumi na tano."

Nikamwambia mwezi uliopita ingekuwa mbili. Akasema mwezi uliopita walikuwa hawajapatana. Safari hii nilibishana. Tulifika nane, na mke wangu anajua tano.